Yai, mbika na mbegu za kitani: nani ale nini katika nyumba ya mchimbaji?

Kwenye simu zetu kunapita mashauri mengi juu ya chakula. Moja linasema hivi: acheni mayai, kijiko kimoja cha mbegu za kitani, ndizo graines de lin, kinashika nafasi ya yai moja. Kwa mtu wa Kindu, anayeona bei ya mayai ikipanda kila mara treni inapokawia ao ndege inapokosa, shauri kama hilo linavuta sikio. Je, ni kweli? Na mbegu zetu wenyewe, mbika na karanga, zenyewe zinaweza kushika nafasi ya yai? Tumelichukua swali hili na kulipiga hesabu, juu feza ya kariyeri inatoka kwa jasho, na haifai iishie kwa chakula cha kusifiwa tu.

Jibu fupi tunalitoa hapa hapa. Kwa baba anayechimba, mbegu inaweza kushika nafasi ya yai, na mara nyingi inalishinda. Kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito ao anayenyonyesha, haiwezi. Na kama ni lazima kutafuta kitu cha kushika nafasi ya yai kwa mtoto, kitu hicho kiko mtoni na kwenye meza za wauza samaki.

Shauri hili limetoka wapi?

Limetoka jikoni kwa watu wa Ulaya na Marekani wasiokula kitu chochote kinachotoka kwa mnyama: nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana. Watu hao wanapotaka kupika keki, wanakosa kitu cha kushikisha unga. Wanachukua kijiko kimoja kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa, wanatia vijiko vitatu vya maji, wanangoja dakika kama kumi. Ule unga unanyonya maji na kuwa wa kuteleza, sawa vile dongodongo ao ute wa yai. Wakiutia ndani ya keki, inashikana na haimeguki.

Kwa hiyo kilichochukua nafasi ni kazi ya gundi. Yai kwenye keki linafanya kazi ya kushikisha, na kitani kinajua kufanya kazi hiyo. Lakini shauri lilipokuwa likipita kutoka simu mpaka simu, neno "keki" lilianguka njiani. Likabaki: kitani sawa na yai. Mtu akisoma hivyo anafikiri ni sawa pia ndani ya damu na mifupa ya mtoto.

Kwa kazi ya gundi, sisi huku hatukuwahi kuhitaji kitani. Mama anayetwanga mbika, akatia kitunguu, pilipili na chumvi, akafunga kwa majani na kuweka juu ya mvuke, anajua kwamba mbika inashikana yenyewe kwa moto. Kuna wenye kutia yai ndani, lakini hata bila yai mbika inasimama. Mandazi yetu ya asubuhi pia yanaumuka bila yai. Basi tuache mambo ya keki, tuje kwa mambo ya mwili.

Hesabu ya yai moja na kijiko kimoja

Yai moja la kuku wa kizungu, bila ganda, lina uzito wa gramu 50 hivi. Ndani yake kuna kalori 72, protini gramu 6 na kidogo, na mafuta gramu 5 hivi. Protini ndiyo inayojenga nyama ya mwili, damu na ngozi. Kalori ni nguvu ya kazi, kama mafuta ya taa kwa taa.

Kijiko kimoja kikubwa cha unga wa kitani kina uzito wa gramu 7. Ndani yake kuna kalori 37, protini gramu 1,3, mafuta gramu 3, na karibu gramu 2 za nyuzinyuzi, zile zinazosaidia tumbo kusukuma choo. Hapo mtu anaona mwenyewe: ili kupata protini ya yai moja, inatakiwa kula karibu vijiko vitano vya kitani. Vijiko vitano kwa mtu mkubwa inawezekana, ijapokuwa tumbo litajaa nyuzinyuzi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, haiwezekani.

Lakini tukibadilisha mizani, hesabu nayo inabadilika. Tupime gramu 100 za kila kimoja. Yai: protini gramu 12 ao 13, mafuta karibu gramu 10. Kitani: protini gramu 18, mafuta gramu 42. Karanga: protini gramu 26, mafuta gramu 49. Mbegu za maboga, zilizo za jamaa moja na mbika yetu: protini gramu 30, mafuta gramu 49.

Kwa hiyo kilo kwa kilo, mbegu inalishinda yai kwa protini na kwa nguvu. Sababu yake ni nyepesi: robo tatu ya yai ni maji, na mbegu ni kavu. Tena katika mbegu zote tatu, kitani ndicho chenye protini kidogo kuliko zingine. Mbegu inayotoka mbali kwa ndege inapitwa na mbika inayolimwa nyuma ya nyumba.

Protini si zote sawa

Hapa kuna jambo ambalo hesabu ya gramu haionyeshi. Protini imejengwa kwa vipande, sawa vile nyumba ya matofali. Kuna aina 20 za vipande hivyo. Tisa kati yake mwili wa binadamu hauwezi kuvitengeneza. Lazima viingie kwa chakula. Yai lina vyote tisa, na kwa kipimo ambacho mwili unakitaka. Ndiyo sababu wataalamu wa chakula wamelitumia yai kwa miaka mingi kama kipimo cha kulinganisha protini zingine.

Mbegu nyingi zina upungufu wa kipande kimoja kinachoitwa lizini. Karanga ina lizini kidogo. Kitani vilevile. Na mchele wetu wa Maniema, ule mchele ulioingia katika nchi hii pamoja na wafanyabiashara Waswahili wa Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19, nao una lizini kidogo. Maana yake, wali na karanga ni chakula kitamu, lakini vyote viwili vina njaa moja. Maharagi yana lizini nyingi. Wali na maharagi vinasaidiana: kimoja kinaleta kile ambacho kingine hakina. Soya nayo ni hivyo, lakini ikaangwe ao ichemshwe vizuri, juu soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini.

Kwa mtu mkubwa anayekula sahani kubwa na vitu mbalimbali, upungufu huo unazibwa bila shida. Kwa mtoto anayekula vijiko vichache vya uji, hauzibwi.

Kile ambacho hakiko katika mbegu yoyote

Vitamini B12. Hiyo haipatikani katika kitani, wala mbika, wala karanga, wala maharagi, wala sombe. Inapatikana kwa vitu vinavyotoka kwa mnyama: yai, samaki, nyama, ini, maziwa. Mwili unaihitaji kidogo sana, lakini bila hiyo damu inapunguka, mishipa ya fahamu inaharibika, na ubongo wa mtoto haukui ipasavyo. Mama anayenyonyesha akiikosa, maziwa yake nayo yanaikosa.

Kuna pia kitu kinachoitwa kolini, kinachosaidia ubongo wa mtoto kuanzia tumboni mwa mama. Yai moja lina karibu miligramu 147. Kijiko cha kitani hakifiki hata miligramu 10.

Vitamini A iko ndani ya kiini cha yai, na katika mbegu hizi ni kama hakuna. Lakini hapo Maniema hatuna sababu ya kulia sana: mafuta yetu mekundu ya mawese yamejaa mali ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Inatakiwa tu yasichomwe mpaka yawe meupe, juu ule wekundu unaopotea ndio wenye dawa. Kijiko kidogo cha mawese juu ya uji wa mtoto kinafanya kazi kubwa.

Kwa hiyo kinachobaki, kile ambacho lazima tukitafute, ni B12 pamoja na protini iliyo kamili. Na hapo ndugu wa kweli wa yai anajulikana: ni samaki. Ndagala zilizokauka, zikisagwa pamoja na kichwa na mifupa, zinaleta protini kamili, B12, tena na kalisi ya mifupa ambayo yai halina kwa wingi. Samaki wa Lualaba, ukimtoa miiba, naye vilevile. Mama asiyepata yai atafute ndagala kwanza, ndipo afikirie mbegu.

Kwa upande wa kariyeri

Sasa tuje kwa mchimbaji. Wazee wetu waliofanya kazi Kalima ao Punia, kwa Symétain na baadaye kwa SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976, wanajua habari ya posho. Tangu wakati wa Wabelgi, mwajiri alitakiwa kumpa mfanyakazi chakula ao thamani yake: unga ao mchele, samaki mkavu, mafuta ya mawese, chumvi, mara nyingine karanga. Haikuwa huruma tu. Kampuni ilijua kwamba mtu asiyekula hatoi kasiteriti.

Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, kampuni zilidhoofika, na wachimbaji wa mkono, ndio ma-kreseri wetu, wakajaza nafasi. Leo huko Kailo, Kalima, Punia ao Salamabila, mtu anajipimia posho yake mwenyewe, na mara nyingi kwa mkopo: anakula leo, analipa siku jiwe litakapotoka. Ndiyo sababu kila franga ya chakula inafaa ilete nguvu.

Mtu anayechimba, anayebeba mifuko na kusukuma maji mchana kutwa anahitaji kalori 3.500 kwa siku, ao zaidi. Mayai mawili yanampa kalori 145 hivi. Mkono mmoja wa karanga zilizokaangwa, gramu 50, unampa kalori 280 na protini gramu 13, sawa na protini ya mayai mawili. Tena karanga zinakaa mfukoni siku nyingi, hazivunjiki kwenye pikipiki ya kwenda kariyeri, hazihitaji kuchemshwa chini ya mvua. Mbika iliyokaangwa ni vilevile, na inaongeza madini ya chuma na zinki.

Kwa hiyo baba, kama unabeba mayai ya kuchemsha kwenda kariyeri ili upate nguvu, ujue unalipa bei kubwa kwa nguvu ndogo. Karanga na mbika zinakufaa zaidi. Wali, maharagi, bugali na sombe yenye karanga vitakushikisha mpaka jioni. Yai liache nyumbani, kuna mwenye kulihitaji kuliko wewe.

Na kuna mazoea moja tunayoyaona kwa vijana: kupasua mayai mabichi na kuyanywa, wakisema yanaleta nguvu haraka. Mwaka 1998, watafiti wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walipima jambo hilo kwa watu. Yai lililopikwa, mwili ulichukua karibu sehemu 91 kwa 100 za protini yake. Yai bichi, ulichukua sehemu 51 tu. Anayekunywa mayai mawili mabichi amekula kama yai moja, na tena amejitia katika hatari ya ugonjwa wa tumbo unaotoka kwa mavi ya kuku. Kwenye kariyeri, kuharisha siku tatu ni kupoteza feza ya siku tatu. Pika yai.

Mihogo, kitani na sumu ya jamaa moja

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kitani, na hii inatugusa sisi wala mihogo kuliko watu wa Ulaya. Mbegu mbichi za kitani zina kiasi kidogo cha sumu ya sianidi, ile ile iliyo ndani ya mihogo michungu. Kwa mtu mkubwa anayekula kijiko kimoja pamoja na chakula kingine, si shida. Kwa mtoto mdogo inaweza kuwa nyingi. Umoja wa Ulaya wenyewe uliweka kikomo cha sumu hiyo kwa kitani kinachouzwa, mwaka 2022.

Sisi tayari tuna mlango ambao sumu hiyo inaingilia. Wakongomani wanaujua ugonjwa wa konzo, ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango. Jina lake ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Unakuja ghafula, zaidi kwa watoto na wanawake, na miguu haiponi tena. Unawapata watu wanaokula mihogo michungu iliyolowekwa siku chache mno, na ambao hawana protini ya kutosha. Yote mawili lazima yakutane: sumu ndani, na protini hakuna.

Kwa nini protini? Juu mwili unajua kuivunja sumu ya mihogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji vipande vya protini vyenye salfa. Yai lina vipande hivyo kwa wingi, samaki pia. Maharagi yana kidogo. Basi katika nyumba inayokula bugali ya muhogo asubuhi na jioni, yai ao ndagala ni ulinzi, zaidi ya kuwa kitoweo. Kuondoa yai na kutia kitani kibichi katika nyumba kama hiyo ni kupunguza askari na kuongeza adui. Na hata ukiwa na mayai, loweka mihogo siku tatu kamili, uikaushe vizuri kwenye jua. Hakuna chakula kinachofuta uzembe wa kuloweka.

Mbegu zetu nazo zina hatari yao, tusifiche. Karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu, na Kindu unyevu hatuununui, zinashika ukungu unaotoa sumu inayoharibu ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga. Karanga iliyokunjamana, iliyogeuka rangi ao yenye uchungu mdomoni, itupe, usimsagie mtoto. Nunua zilizo na ganda ukiweza, uzitwange mwenyewe. Kitani nacho, kikishasagwa, mafuta yake yanaharibika haraka kwa joto. Na kisiposagwa kinapita tumboni na kutoka vile kilivyoingia.

Tusikionee kitani, kina sifa yake ya kweli: mafuta yake mengi ni ya aina ya omega-3, yanayofaa moyo. Lakini mwili unageuza sehemu ndogo tu ya mafuta hayo kuwa yale ambayo ubongo unayataka. Samaki anayaleta yakiwa tayari.

Watoto wa Ekuador na watoto wa Malawi

Nchi yetu ina jeraha linalojulikana. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, juu ya kukosa chakula kinachofaa kwa muda mrefu. Ufupi huo si wa mwili peke yake. Unagusa pia akili na nguvu ya kazi ya kesho. Na unaingia zaidi kati ya miezi sita na miaka miwili.

Mwaka 2017, watafiti walitoa habari ya jaribio walilofanya Ekuador. Watoto wa miezi sita mpaka tisa walipewa yai moja kila siku kwa muda wa miezi sita. Ufupi ulipungua karibu nusu kuliko kwa watoto ambao hawakupewa. Habari hiyo ilizunguka dunia, na watu wakaanza kuliita yai dawa.

Mwaka 2019 ikatoka habari ya pili, ya Malawi, wilaya ya Mangochi, kando ya ziwa. Jaribio lilikuwa lile lile: yai moja kwa siku, miezi sita. Safari hii urefu wa watoto haukuongezeka kuliko wengine. Je, yai la Malawi lilikuwa baya? Hapana. Watafiti waliona kwamba watoto wengi wa huko walikuwa tayari wanakula samaki. Kile ambacho yai lilikuja kuleta, kwa sehemu kubwa kilikuwa kimeshafika kwa njia ya ziwa.

Sisi tunaokaa kando ya Lualaba tuyaweke majaribio hayo mawili pamoja. Nyumba ambayo mtoto anapata samaki karibu kila siku, haina sababu ya kujilaumu kwa kukosa mayai. Nyumba ambayo mtoto anakula bugali na sombe bila samaki, wiki baada ya wiki, yai linaweza kubadilisha mambo.

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2023 juu ya watoto wa miezi 6 mpaka 23, linasema vilevile: nyama, samaki ao mayai kila siku. Na karanga, mbegu na maharagi viliwe mara kwa mara, zaidi pale ambapo vile vya kwanza ni vichache. Mbegu imepewa kazi ya kusaidia. Haikupewa kiti cha yai.

Tugawanye namna gani?

Wamama watatuambia: "Munasema tu, lakini mayayi iko bei, na ile ya kuku wetu tunauzisha juu ya chumvi na sabuni." Ni kweli. Hatusemi nyumba nzima ile mayai. Tunasema yale machache yanayopatikana yapewe wenye haki nayo.

Wa kwanza ni mtoto kuanzia miezi sita, pamoja na kunyonya. Mchemshie yai dakika kumi, uliponde, ulichanganye ndani ya uji ao wali laini. Anza na kijiko kidogo. Ukiona vipele ao anatapika, simamisha na umpeleke kituo cha afya. Kama si kila siku, basi mara tatu kwa wiki, na siku zingine kijiko cha unga wa ndagala. Wa pili ni mama mjamzito na anayenyonyesha. Baba na vijana wakubwa watakula mbika, karanga na maharagi, na hawatapungukiwa.

Uji wa mtoto usiwe wa muhogo mtupu. Chukua sehemu tatu za unga wa mchele ao mahindi, na sehemu moja ya karanga nzuri ao soya iliyokaangwa na kusagwa. Pika uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, juu tumbo la mtoto ni dogo na uji wa maji unalijaza bure. Mwisho tia kijiko kidogo cha mawese, na unga wa ndagala ao yai. Hapo mbegu na yai vinafanya kazi pamoja, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Wenye nafasi nyuma ya nyumba, upande wa Alunguli ao Mikelenge, wajaribu kuku wanne watano. Kuku wa kienyeji anataga mayai 10 mpaka 15 kwa mara moja, mara tatu ao nne kwa mwaka. Kuku wanne wanaweza kuleta mayai zaidi ya 120. Mwachie kuku ya kuangua, toa mengine kila siku kabla hayajaharibika. Muulize veterineri juu ya chanjo ya ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Chanjo ya kuku mmoja haifiki bei ya kuku mwenyewe.

Ukinunua sokoni, lipime yai kwa maji: linalolala chini ni jipya, linaloelea liache.

Kuna neno la mwisho ambalo hatuwezi kuliruka. Katika nyumba zingine bado tunasikia kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi, ao mwanamke mjamzito akila yai atazaa mtoto mwenye kasoro. Ukiangalia vizuri, makatazo hayo yanaangukia wale wale ambao mwili wao unalihitaji yai zaidi, na yai linabaki kwa wanaume na wageni. Wazee waliokuwa na kuku wachache walikuwa na sababu yao ya kuyalinda mayai yasiliwe yote. Lakini hakuna mtoto aliyekuwa mwizi kwa sababu ya yai. Wengi zaidi wamedumaa kwa kulikosa. Babu na bibi wakae na mama wa mtoto, waliongee hilo kwa heshima, na mwisho sahani ya mtoto ipate haki yake.